Kopo la Tangawizi

Mama mkwe wangu alifika kutoka Pangani siku ya Jumatano, na mfuko wa dawa zake, kikapu cha maembe na mtetea aliyefungwa miguu. Alikuja kwa ajili ya kliniki ya moyo. Ijumaa, muda mfupi baada ya swala ya alfajiri, tulimkuta ameanguka mlangoni mwa jiko, uso umepauka, jasho jembamba kwenye paji, na kikombe cha kahawa kimepinduka kando yake. Ndani ya kahawa ile mlikuwa na kitu nilichokileta nyumbani mimi mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kama kipo.

Nitasimulia tangu mwanzo, maana jambo hili halikuanzia jikoni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 49. Nafundisha Biolojia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na tunakaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mke wangu anauza vitambaa na kanga. Tuna mabinti wawili: mkubwa yuko chuo, mdogo wakati huo alikuwa Kidato cha Pili.

Kilichotangulia ni uchovu. Nikitoka shule nilikaa barazani na viatu vyangu miguuni, nikasinzia na madaftari ya wanafunzi mapajani. Ndoo ya maji ya lita 20, niliyozoea kuivusha ua kwa mkono mmoja, ikawa inanilazimu kuitua katikati. Tumbo likatangulia mbele, mapaja yakanywea. Nikawa mkali bila sababu, hata binti yangu mdogo akawa ananitazama uso kwanza kabla ya kuniamkia. Usiku nilikoroma kiasi cha mke wangu kuhamishia mto wake chumba cha mtoto. Alisema ni kwa wiki moja tu. Zikapita wiki, ikapita miezi.

La pili nitalisema kwa staha, lakini lazima nilitaje, kwa kuwa ndilo lililotufikisha tulipofika. Hamu ya unyumba iliniondoka. Haikuondoka kwa siku moja. Ilipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: unateremsha ndoo, kamba inazidi kuwa ndefu, mpaka siku moja ndoo inagonga mchanga. Hata ile hali ya asubuhi ambayo kila mwanamume mzima anaifahamu ikawa hainijii tena.

Mke wangu alifanya yote ambayo mwanamke wa pwani hufanya. Alifukiza udi, akapanga asumini kitandani, akapika vitu ninavyovipenda. Nilimshukuru, nikageukia ukutani. Baada ya hapo akanyamaza. Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta kanga mpya imeanikwa uani, imetandazwa vizuri ikikabili kiti changu, maandishi yakisomeka hata kwa asiyevaa miwani: AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA.

Niliielewa. Alikuwa anaamini nina nyumba ndogo. Na ukiyatazama mambo kwa upande wake, ushahidi ulikuwepo: mume hamgusi, anachelewa kurudi, akiulizwa anakasirika. Ningeweza kumwita usiku uleule nikamweleza. Nilishindwa. Niliona ni heri anidhanie mzinifu kuliko ajue kwamba mwili wangu umezimika. Leo nikiyaandika maneno haya nayaona ni ya ajabu, lakini siku ile yalikuwa na maana kamili kichwani mwangu, na najua wapo wanaume wengi wanaoyaelewa bila kuelezwa.

Nilikochelewa ni kwa muuza pweza. Jioni, karibu na stendi, wanaume husimama wamezunguka sufuria, kila mmoja na kikombe cha supu mkononi, ndimu na pilipili juu yake. Hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini yuko pale. Wengine hutafuna mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi. Pweza ni chakula kizuri, ana protini na madini ya zinki, na mtu aliyepungukiwa sana na zinki anaweza kushuka homoni. Mimi sikuwa na upungufu huo. Nilikunywa supu miezi minne, kilichoongezeka ni uzito.

Pale kwenye supu ndipo nilipokutana na muuza unga. Alikuwa nao kwenye vijifuko vya nailoni, rangi ya kahawia, akasema ni mzizi wa porini uliotwangwa na wazee, hauna kemikali. Kijiko kimoja cha chai kwenye kahawa. Nililipa shilingi 15,000.

Usiku wa kwanza uso uliniwaka moto, pua ikaziba, kichwa kikagonga kama ngoma, na taa ya ukutani niliiona ina wingu la samawati. Mwili ulitii. Mimi mwenyewe sikuwemo. Nilimwendea mke wangu kama mtu anayelipa deni, naye akanipokea kama mtu anayehesabu noti kuona kama ni halali. Asubuhi hakuna aliyemtazama mwenzake. Pamoja na hayo niliendelea kuutunza unga ule, nikaumimina kwenye kopo kuukuu lililokuwa la tangawizi ya kusaga, nikaliweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya chekeche.

Mama mkwe ni mtu wa kazi. Akifika kwa mwanawe hakai dakika tano kabla ya kuanza kupanga jiko. Jumatano hiyohiyo jioni aliteremsha makopo yote akayafuta vumbi. Alhamisi alfajiri akajitengenezea kahawa ya tangawizi, kama alivyozoea kwake. Mchana akasema kichwa kinamuuma, tukadhani ni uchovu wa safari. Ijumaa akaongeza kijiko, maana, kama alivyokuja kusema baadaye, tangawizi ile haikuwa na ukali. Alipokuwa akinywa kifua kikambana. Akafanya alivyofundishwa kliniki: akatia kidonge chake chini ya ulimi. Kisha akaanguka.

Tulimpakia kwenye bajaji, mke wangu amemshika kichwa mapajani. Hospitalini walipompima, presha ilikuwa 70 kwa 40. Wakamlaza, wakainua miguu yake, wakamtundikia dripu. Daktari wa zamu alikuwa binti wa miaka kama 30. Aliniamkia, “Shikamoo, baba,” kisha akamgeukia mke wangu na kuanza kuuliza: mama anatumia dawa gani, amekula nini tangu jana, amekunywa nini?

Mke wangu alijibu moja baada ya jingine. Wali na samaki. Maembe. Kahawa ya tangawizi.

Kisha akasita. “Lakini tangawizi iliisha wiki iliyopita.”

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa ameshafika akitokea bandarini, amesimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. Ukweni ni mahali ambapo mtu hupima neno kabla ya kulitoa. Hata neno “kitanda” huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe bila kutafuta njia ya kulizunguka. Na mimi nilikuwa na sekunde chache tu.

“Daktari,” nikasema, “ile si tangawizi.”

“Ni nini, baba?”

“Ni dawa ya nguvu za kiume. Ni yangu.”

Shemeji akatazama sakafu. Mke wangu alinitazama mimi, na sikumbuki kama kuna siku nyingine katika miaka 21 ya ndoa aliyonitazama vile. Daktari hakucheka wala hakushtuka. Aliniuliza maswali matatu ya haraka: je, ukiutumia uso unawaka, pua inaziba, unaona rangi ya buluu? Nilipojibu ndiyo kwa yote, akageuka akawaambia wauguzi wasimpe mama ile dawa ya chini ya ulimi wala dawa nyingine yoyote ya jamii yake mpaka atakapoagiza.

Baadaye alituketisha akatueleza. Unga wa namna ile, unaouzwa kwa jina la mizizi, umekutwa mara nyingi katika nchi mbalimbali umechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya kiwandani inayopanua mishipa ya damu. Unga wetu haukupimwa maabara, kwa hiyo hakuapa. Ila dalili zangu zilikuwa zilezile, hasa ule ubuluu wa macho. Dawa za chini ya ulimi za wagonjwa wa moyo, zinazoitwa nitrati, nazo hupanua mishipa. Zikikutana mbili hizo mwilini, presha huporomoka ghafla, na wapo wanaokufa. Mama yetu alikuwa amekunywa ya kwanza bila kujua na kutia ya pili kwa utii wa masharti ya kliniki.

Alipona. Jumapili alikuwa ameketi kitandani akidai uji. Mimi sikuweza kumtazama usoni, nikawa nasalimia kutokea mlangoni. Naye hakunitamkia neno lolote juu ya jambo lile; alimwambia mwanawe, kama inavyostahili. Mke wangu ndiye aliyeniletea maneno yale usiku: “Mama anasema marehemu baba yalimpata haya. Hakusema, naye hakumuuliza. Walikaa miaka 11 kama wapangaji wa nyumba moja.”

Kisha akalia. Akaniambia kwamba alinifuata mara mbili mpaka stendi, amejifunika ushungi, akanikuta nimesimama kwa muuza pweza, akaamini namsubiri huyo mwanamke. Alisimama gizani akingoja amwone. Hakumwona. Akarudi nyumbani akijiambia kuwa siku hiyo hakuja.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mkasa wote huu, kuliko hata ile Ijumaa: mke wangu amesimama gizani kando ya barabara, akimngoja mtu ambaye hayupo, kwa sababu mimi sikufungua mdomo.

Wiki iliyofuata tulifanya kosa jingine, safari hii wawili. Tulikwenda maabara moja ya mtu binafsi saa 10 jioni, nikiwa nimetoka kula. Wakatoa damu, wakaleta namba ya homoni ya kiume, wakasema iko chini na sindano zipo tayari, ya kwanza nichomwe palepale. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati. Mke wangu akaniteremsha mkono wa shati. Akasema, “Turudi kwa yule binti.”

Yule binti, ambaye namheshimu kuliko madaktari wengi wenye mvi, alikikataa kipimo kile. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, hupanda usiku mtu akiwa usingizini na kufikia kilele asubuhi. Mchana inashuka, na chakula nacho huishusha. Kwa hiyo hupimwa kabla ya saa 4 asubuhi, mtu hajala, na hupimwa mara mbili kwa siku tofauti, kwa kuwa namba moja inaweza kupotosha. Nilikwenda asubuhi mbili. Ya kwanza ikasoma nanogramu 214 kwa desilita, ya pili 231. Mstari ambao madaktari wengi wa mfumo wa mkojo na uzazi wanaufuata ni 300. Halafu akaweka karatasi nyingine juu yake: sukari yangu ya asubuhi, bila kula, ilikuwa 9.1. Nilikuwa na kisukari na sikujua.

Nilipoziona namba zile nilipatwa na huzuni ya aina yake. Kwa miaka 20 nimechora ubaoni mchoro uleule: haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inatuma homoni ya LH kwenda kwenye korodani, korodani zinatoa testosteroni. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari za Arnold Berthold wa Göttingen, ambaye mwaka 1849 alichukua majogoo sita. Wale aliowahasi na kuwaacha hivyo walinywea upanga, hawakuwika, hawakujali mitetea. Wale aliowahasi kisha akawapandikizia korodani tumboni, mbali na mahali pake, waliwika kama kawaida. Ndipo ikafahamika kuwa kuna kitu kinachosafiri kwenye damu. Nimelifundisha somo hilo nikiwa nimenywea vilevile, nasinzia kiti cha mwalimu, na sikuwahi kujiuliza.

Na nimefundisha pia habari za Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mwenye sifa kubwa, ambaye mwaka 1889 mjini Paris, akiwa na miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na za simbilisi wa maabara, akatangaza kuwa nguvu zimemrudia. Testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ndani ya sindano zile karibu haikuwemo. Alichohisi ni imani yake. Dunia ilinunua dawa za namna ile miaka mingi, mpaka homoni yenyewe ilipojulikana na kutengenezwa maabara mwaka 1935. Kumbe muuza unga wa stendi ana ukoo mrefu.

Daktari alitueleza kwa nini mimi. Umri una sehemu yake, lakini ni ndogo: tangu miaka ya thelathini au arobaini homoni hupungua kama asilimia moja hivi kwa mwaka. Kilichoniangusha ni mengine. Nilikuwa na kilo 98. Mafuta ya tumbo yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Na unene pamoja na kisukari hudhoofisha amri inayotoka ubongoni. LH yangu haikuwa imepanda, maana yake korodani zilikuwa nzima, ila hazikuwa zinapata amri ya kutosha. Kukoroma kwangu nako kulikuwa ni kukatika kwa pumzi usingizini, mara nyingi kwa usiku mmoja, na usingizi uliokatikakatika hauijengi homoni ile.

Nikamuuliza kuhusu sindano. Hakuzidharau. Alisema wapo wanaume wasio na njia nyingine: waliozaliwa na kasoro, walioumizwa korodani na matubwitubwi ukubwani, wenye uvimbe kwenye pituitari. Kwao homoni ya dawa ni haki yao. Alitutajia utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,200 wenye ugonjwa wa moyo au walio hatarini kuupata: waliopakwa jeli ya testosteroni hawakushambuliwa na moyo wala kiharusi zaidi ya wenzao waliopewa dawa isiyo na kitu, ingawa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi kwao. Inataka mtu apimwe damu isije ikawa nzito, na tezi dume iangaliwe. Halafu akauliza swali ambalo sikulitazamia.

“Mnahitaji mtoto mwingine?”

Nikasema hapana. Kwa sauti moja na mimi, mke wangu akasema ndiyo.

Tukatazamana. Ana miaka 40. Hakuwahi kuniambia, kwa sababu hiyohiyo iliyonifanya mimi nisimwambie yangu. Daktari akasubiri kidogo, kisha akasema sindano za testosteroni huzima mbegu: mwili ukiona homoni imetoka nje, ubongo huacha kutoa amri, na korodani husinzia. Wapo vijana wanaojichoma ili wajenge misuli na wanagundua hivyo siku wanapotafuta mtoto. Basi tukaamua tuanze na njia ndefu.

Njia ndefu ilipita jikoni kwetu. Chapati za kila siku zikawa za Ijumaa. Soda zikaisha. Sahani yangu ikawa nusu mchicha au matembele, samaki akabaki, wali ukapungua kuwa kiasi cha ngumi. Nikaanza vidonge vya metformini. Alfajiri tulitembea wawili kuelekea Raskazone, bahari ikiwa bado ya kijivu, na njiani tukazungumza kuliko tulivyozungumza miaka mitano iliyotangulia. Kwa kukoroma, mke wangu alinishonea mfuko mgongoni mwa fulana akatia mpira mdogo, ili nikilala chali uniamshe nigeukie ubavu. Wiki ya kwanza sikulala vizuri. Ya tatu nililala mpaka asubuhi, nikaamka nikiwa na kichwa chepesi, nikakaa kitandani nikishangaa jinsi asubuhi inavyokuwa.

Mwezi wa tano alirudi chumbani na mto wake. Hatukusema kitu.

Baada ya miezi kumi nilikuwa na kilo 86. Sukari ya asubuhi 6.4. Testosteroni 326. Si namba ya kijana, na daktari alisema pengine haitafika huko. Lakini nainyanyua ndoo ya lita 20, na binti yangu ananiamkia bila kunitazama uso kwanza. Yale mengine, ya ndani, yamerudi kwa kiasi kinachotutosha sisi wawili. Mtoto bado hatujampata, tunaomba.

Mama mkwe alikuja tena mwezi uliopita kwa kliniki yake. Alileta mfuko wa tangawizi aliyoisaga mwenyewe, akamkabidhi mke wangu mbele yangu, akasema, “Hii ni tangawizi.” Tukaliandika jina lake juu ya kopo.

Msomaji mwenzangu uliyefika umri huu, kama na wewe una kopo lako nyuma ya chekeche, literemshe leo, umwoneshe mkeo. Kesho mwende hospitali wawili, asubuhi, kabla hujanywa hata chai.